Utunda

Chupa ya Mejumaa ilipasuka Alhamisi, saa tisa alasiri,
kule Mtongwe, akianika nguo.
Mkwewe akasema, tulia, uchungu haujaja.
Ukaja usiku wa manane.
Feri ilikuwa moja tu inayotembea.
Mtoto akazaliwa Ijumaa, adhana ya adhuhuri ikiisha.
Saa ishirini na moja mlango wazi.

Hakuna aliyehesabu.

Wa kiume, kilo tatu kasoro robo, akalia vizuri.
Usiku akaacha kulia.
Akagoma ziwa. Akawa anaguna kila akipumua
kama kuli chini ya gunia,
na hata siku moja hajaimaliza duniani.
Nesi Wakesho hakungoja majibu.
Akachota damu, haijazi kijiko cha chai,
sindano akaanza palepale.

Mimi ni mtu wa maabara. Watoto siwaoni,
naona chupa zao.
Jumapili asubuhi yake ilikuwa na ukungu.
Nikapaka tone kwenye kioo, nikatia rangi,
nikainamia hadubini:

zambarau,
duara, duara, duara,
zimeshikana,
mstari huu unapinda, ule umekatika.

Nikaandika kitabuni: streptokokasi, kundi B.
Jina refu kwa kitu kidogo hivyo.

Bi Mwanatumu akaja dirishani na bangili zake.
Ni kungwi, Mtongwe nzima imepita mikononi mwake.
"Mkazamwana huyu hajui kujitunza.
Wa kwanza alimfia siku ya pili.
Wewe uliyesoma, niambie ni uchafu gani."

Kanuni zinakataza. Nikafungua mlango.

Akavua miwani, akainama, akakosa,
nikamshika kichwa taratibu mpaka jicho likapata.
Feni ikazunguka.
"Shanga hizi," akasema, "nani katunga?"

Hakuna, Bi. Zinajitunga.
Hukaa matumboni, hukaa ukeni, kwa wanawake wengi,
pengine mmoja katika kila watano,
wasafi na wavivu, waliosoma na wasiosoma.
Haziwashi. Hazinuki.
Maji ya karafuu hayazing'oi, wala udi.
Hazikuletwa na mwanamume wa nje.
Mama hajui kama amezivaa,
ila mtoto akipita, huenda zikamnasa.
Wengi hupita salama.
Wachache, hivi.
Zingeonekana mapema, kwa pamba tu, mimba ikikaribia kutimia,
au chupa ikikawia, au mama akishikwa na homa,
penisilini ingetangulia mshipani,
saa nne kabla, na njia ingekuwa imefagiwa.

"Saa nne."
Akahesabu kwa vidole, kidole gumba juu ya vifundo,
Alhamisi alasiri, magharibi, isha,
akafika alfajiri, akaendelea,
akafika adhuhuri.
Vidole vikasimama.
"Na mimi ndiye niliyesema atulie."

Sikumjibu.

"Na wa kwanza? Ni hizi pia?"
Wa kwanza sijui, Bi. Damu yake haikuletwa.
Siwezi kuandika nisichokiona.

"Na mimi? Nimezaa saba."
Huenda nawe ulizivaa. Huja, huondoka,
hazipigi hodi wala haziagi.

Mkono wake ukashuka kiunoni, juu ya leso,
ukapapasa kitu ambacho nadhani
hakijakaa pale miaka thelathini.
Akavaa miwani. Akatoka bila kuaga,
na kupitia dirisha lilelile nikamsikia,
sauti ya ukungwi imemtoka,
akimwuliza mtu kwenye benchi la wodi:
"Mwanangu, umekula?"

Mtoto sikumwona.
Jumanne ikaja chupa nyingine yenye jina la mamake.
Nikaiweka kwenye joto, nikawa naichungulia
kabla ya chai, baada ya chai,
hata zamu isiyo yangu.

Siku tano.
Maji yake yakabaki angavu.